Chaki Isiyofutika

Uliviona vidole vya Warigia. Usinidanganye. Kila asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya chai ya Giakanja, uliviona vikigeuka vyeupe kando ya ndoo ya deki shuleni, ukatazama kwingine. Hata shangazi yake, Watiri, alipokatwa vidole viwili hospitalini, mlisema ni baridi. Mimi sijasahau.

Warigia alikuwa na miaka kumi na miwili. Zamu yake ya kupiga deki ilipofika, alificha mikono ndani ya sweta.

"Chaki ameanza," Ken wa darasa lake akamcheka. "Ati vidole vimekufa. Mazishi ni lini?"

"Siku hiyo wewe ndiye utachimba kaburi," Warigia akamjibu. Lakini kidole chake cha kati kilikuwa na kidonda kisichopona tangu Pasaka. Alikificha hata kwa mama yake, asije akaitwa mvivu.

Mwalimu Jackton alimshika mkono mbele ya darasa. "Umejipaka chaki ili ukwepe kazi?"

"Si chaki, mwalimu."

Mwalimu alichukua kitambaa chenye maji, akasugua. Weupe haukutoka. Akasugua tena. Vidole vikageuka samawati, na kidonda kikaonekana. Hakuna aliyecheka. Ken alitazama sakafu.

Wiki hiyo mwalimu aliwasindikiza Warigia na mama yake hadi hospitali mjini Nyeri. Daktari Sylvia alidondosha tone la mafuta kwenye shina la ukucha, akaelekeza hapo lenzi yenye taa, picha ikatokea kwenye kioo cha kompyuta.

"Hii kwenye kioo ni mishipa yako midogo kabisa ya damu," alisema. "Ya mtu mwenye afya hujipanga kama pini za nywele. Ona yako: hii imevimba, na hapa haipo."

"Nitakatwa vidole kama shangazi?"

"Umekuja mapema, ndiyo maana tuko na nafasi ya kuviokoa. Ugonjwa huu hushambulia nyuzi zinazoshikanisha mwili na mishipa hii midogo, na baridi huibana damu isifike vidoleni. Tutapima damu, utapata dawa, na maji baridi usiyaguse."

"Mimi nilidhani ni baridi ya mlima tu," mama akanong'ona.

"Sisi wote tunasikia baridi, mama. Si sisi wote tunageuka weupe."

Muhula wa tatu kidonda kilikuwa kimefunga. Ken ndiye hupiga deki zamu ya Warigia, akinung'unika.

"Nilisugua ugonjwa nikidhani nasugua uongo," Mwalimu Jackton aliliambia darasa. "Kabla ya kumwita mwenzako mwongo, muulize anaumwa wapi. Na anayeumwa asijifiche."

Sasa funga kitabu. Tazama mikono ya aliyeketi karibu nawe. Ikiwa imegeuka rangi, inuka umwambie mwalimu. Usingoje kengele.