Kitambaa Kisichofuliwa

Mke wangu ni dobi. Mimi napiga pasi. Uani kwetu kuna kamba sita za kuanikia, na shuka za mke wangu zilisifika mtaa mzima kwa weupe wake.

Kisha kikafunguliwa kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu nyuma ya ukuta wetu. Kila tanuri lilipowashwa, masizi yalitua kwenye kamba zetu. Mke wangu alifua tena, akaanika tena. Siku moja mwenye nyumba ya wageni, mteja wetu mkubwa, alikuja mwenyewe.

"Mama, wageni wangu wanalalia shuka zenye madoa. Nakupa miezi miwili. Hali isipobadilika, natafuta dobi mwingine."

Siku hiyo mke wangu hakula. Kazi ile ndiyo iliyotulisha, na ndiyo iliyompeleka binti yetu chuo kikuu kusomea sheria.

Wakati huo binti alikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, katika ofisi ya mawakili wanaotetea watu walioharibiwa mazingira yao. Jumapili alikuja nyumbani.

"Si unasoma sheria wewe?" mama yake akamwambia. "Nenda kawafokee!"

"Sheria haifoki, mama. Inauliza. Lini? Wapi? Nani aliona? Tuna haki ya kuvuta hewa safi, lakini tukidai, tuwe na ushahidi."

Akampa vitambaa saba vyeupe. "Kila asubuhi tundika kimoja. Jioni kitoe, kitie kwenye mfuko, andika tarehe na saa ambayo tanuri liliwaka."

"Nimekusikia, mwanangu."

Jumapili iliyofuata mke wangu alileta vitambaa vyote saba. Vimekunjwa vizuri. Vyeupe pe!

Binti alijishika kichwa. "Mama! Umefua ushahidi!"

"Sasa nitundike uchafu kwenye kamba yangu, watu wanionaje?"

"Na hii mikunjo ya pasi?"

Mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Binti alicheka mpaka machozi. Kisha akamshika mama yake mkono. "Mama, miezi yote hii unawafulia watu wa kiwanda uchafu wao. Ndiyo maana hakuna anayeuona."

Mke wangu alivisukuma kando vile vyeupe. "Lete vitambaa vingine," akasema.

Safari hii hakufua. Roho ilimuuma, lakini hakufua. Jirani yetu fundi cherehani alitia sahihi kila jioni kama shahidi. Binti akaandika malalamiko. Wakili anayemsimamia aliyarudisha mara mbili, yamejaa wino mwekundu. Mara ya tatu aliyagonga muhuri, yakapelekwa kwa mamlaka ya mazingira. Wakaguzi wakaja kupima moshi, kisha tukaitwa kwenye kikao.

"Moshi wetu hauvuki ukuta," alisema meneja wa kiwanda.

Mke wangu akasimama. Alikunjua vitambaa mezani, kimoja kimoja, akitaja tarehe.

"Jumatano mliwasha tanuri. Tazameni, cheusi. Alhamisi mliwasha. Cheusi. Ijumaa tanuri liliharibika, hamkuwasha." Akakiinua cha Ijumaa juu. Kilikuwa cheupe. "Mimi ni dobi, bwana meneja. Hiki sikukifua."

Meneja akakigeuza kile kitambaa, akakirudisha mezani. Nilivimba kichwa siku ile, sifichi. Mke wangu amesimama mbele ya wakubwa, na binti yangu pembeni yake ameshika faili!

Mamlaka iliamuru tanuri lizimwe mpaka kiwanda kiweke kichujio cha moshi. Liliwashwa tena, sasa likiwa na kichujio, wiki moja kabla ya miezi miwili ya mwenye nyumba ya wageni kwisha. Asubuhi hiyo mke wangu alitundika kitambaa kipya. Jioni tulikizunguka watatu, tukakigeuza huku na huku.

"Hiki nacho ni ushahidi, mama," binti akasema. "Usikifue."

"Nifue nini? Hakina hata doa."

Mimi nikanyoosha mkono nikipige pasi kidogo tu.

"Usikiguse!" wakanipigia kelele wote wawili.

Mwenye nyumba ya wageni bado analeta shuka zake kwetu. Kitambaa kile kiko ukutani, juu ya meza yangu ya pasi, kina tarehe kwa mwandiko wa binti yetu. Mteja akiuliza ni cha nini, naweka pasi chini namsimulia yote. Nguo zake zinachelewa, lakini anasubiri.