Moyo Uliopashwa kwa Pumzi

Du.

Mara moja tu, kisha kimya. Mtafiti aliinua uso. Maabara ilikuwa tupu usiku huo, na kitoto cha panya kilicholala kiganjani mwake kilikuwa kimekufa tangu jioni.

Kazi yake aliijua. Kitoto cha siku moja hulazwa juu ya barafu mpaka kitulie, hukatwa ncha ya moyo, hushonwa, kisha hupashwa joto chini ya taa. Katika wiki ya kwanza ya maisha moyo huo huota upya, mzima kabisa. Moyo wa binti yake haukuota. Alizikwa angali mchanga, na jina alilomchagulia yeye, mama yake, hakumwambia yeyote, hata baba wa mtoto.

Hiki hakikuamka. Mwingine angekitupa. Yeye alikuwa amevua glavu, akakipulizia pumzi yake, akanong'ona, "Rudi, mwanangu."

Du. Du. Kikarudi.

Kufikia usiku wa pili maabara nzima ilinuka maziwa ya mama. Panya jike alijibanza pembeni, hataki hata kunusa vitoto vyake. Mume wa mtafiti alikuja kumchukua mkewe, akasikia mtoto mchanga akilia kizimbani, akakimbia kumleta shangazi yake, mtoa majini.

"Nimeyatoa visimani, vitandani, hata kwenye redio," shangazi alinong'ona mlangoni. "Panya ndiyo mara ya kwanza. Mkwe, uliliita 'mwanangu'?"

"Niliita."

"Basi limeitika. Sasa linataka jina. Ukilipa jina, halitoki tena, na moyo litakaoula ni wako. Nyamaza mpaka kuche, litaondoka."

"Na mtoto?"

"Mtoto yupi, mkwe?"

"Mke wangu," mumewe alisihi, "twende nyumbani."

Shangazi akaanza kusoma. Kilio kikafifia. Mdundo ukalegea, ukaruka mmoja, ukaruka miwili, kama ulivyolegea ule mwingine hospitalini, yeye akiwa amesimama mikono mitupu asijue la kufanya. Na kile kitoto kisichofumbua macho kikageuza uso, kikamtafuta, kikasema, "Mama, baridi," na mumewe akamshika bega, na shangazi akamfokea anyamaze, anyamaze kidogo tu, kunakaribia kucha, naye akapiga magoti, akafungua kizimba, akakilaza juu ya titi lililokwisha kulowesha koti lake, akalitamka jina la binti yao.