Ndizi Nne za Mbega

Likizo ya Desemba 1996, kila asubuhi, Elinipendo alikata kwanza majani ya ng'ombe, kisha akateremka kutoka Old Moshi hadi bustani ya wanyama. Alikuwa kidato cha pili, mmoja wa wanafunzi sita waliochaguliwa kujifunza uhifadhi hapo. Kazi yake ilikuwa kumtazama mbega jike aliyeokolewa mtegoni, na kila dakika kumi kuandika daftarini anafanya nini na anakula nini.

Siku hiyo alimkuta mbega amejikunyata, tumbo limevimba kama ngoma. Mwalimu Wenseslaus, mtunza wanyama, alikuwa amechuchumaa kando yake, daftari la Elinipendo mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeandika majani tu. Basi majani ndiyo yenye sumu." Alimgeukia Jesse, mwanafunzi aliyechuma majani. "Uliyatoa kwenye kahawa iliyopigwa dawa?"

"Hapana, mwalimu. Palepale pa siku zote."

"Daktari wa wanyama anaandaa dawa ya kuondoa sumu. Wewe, kuanzia leo hutachuma tena."

Jana Elinipendo alimpa mbega ndizi mbivu. Kwao mgeni haondoki bila kuonja kitu, naye alimwona mbega yule kama mgeni. Hakuandika, kwa sababu wanafunzi walikatazwa kulisha wanyama. Akisema, huenda akafukuzwa. Akinyamaza, mbega atatibiwa ugonjwa asio nao.

"Mwalimu, si majani. Nilimpa ndizi mbivu nne, saa kumi jana."

Mwalimu hakugomba. Aliondoka mbio kumzuia daktari. Aliporudi aliuliza, "Ng'ombe wenu akila beseni la ndizi mbivu, inakuwaje?"

"Anavimba."

"Tumbo la mbega ni la majani, kama la ng'ombe. Vitu vitamu huchachia mle ndani."

"Ilibaki umkaribishe kwa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi," Jesse alisema, bado amenuna.

"Nisamehe, Jesse."

"Haya. Lakini kesho majani utachuma wewe."

Elinipendo alichuma, akafagia banda, na mbele ya wenzake akasahihisha daftari kwa wino bila kufuta uongo wa kwanza. Siku ya tatu, baada ya kutibiwa uvimbe wa tumbo, mbega aliinuka, akavuta tawi, akaanza kutafuna.

"Kumpa ndizi kulikuwa kosa la kutojua, na kutojua kunatibika darasani," alisema Mwalimu Wenseslaus. "Kuficha ndiko kulikokaribia kumuua. Mnyama hana ulimi wa kusema alichokula. Anayemwandikia ndiye ulimi wake."