T Yenye Kichwa Cheupe

Jua lilikuwa linazama Kitinda alipowasha gari la mikate kwenda kumchukulia kaka yake ngazi. Kaka mtu alikuwa fundi wa vibao vya barabarani, na tangu apone ule ugonjwa uliowashinda madaktari, Kitinda hakuwa na moyo wa kumkatalia lolote.

"Nimeisahau kule barabara ya machimbo," alimwambia. "Ukiiona alama ya T, ipite, kisha kata kulia."

Alama za T Kitinda alizijua. Kaka huyo huyo ndiye aliyemfundisha kabla ya mtihani wa udereva. T nyeupe tupu, njia inagawanyika kushoto na kulia. T yenye kichwa chekundu, njia imeishia hapo, geuza. "Ukizichanganya hizo mbili, tutakuzika," alikuwa akimtania.

Taa za gari zikakimulika kibao. T nyeupe tupu.

Lakini... harufu. Rangi mbichi!

Akashuka, akagusa kichwa cha ile T. Kidole kikatoka cheupe. Chini ya rangi ile, nyekundu.

Hatua chache mbele, barabara ilikatika. Shimo la machimbo lilikuwa wazi, jeusi, likitoa baridi.

Akapiga simu.

"Umefika kwenye alama?" kaka akauliza.

"Nimefika."

"Basi twende, mdogo wangu. Ipite."

"Kaka... uko wapi?"

"Niko nyumbani. Kwani vipi?"

Kutoka shimoni, sauti ile ile ikaita.

"Kitinda... njoo unishikie ngazi..."

Alirudi kinyumenyume hadi garini, akaliendesha mpaka kwa kaka yake, machozi yakimziba macho. Hofu ilikuwepo, ila kilichomliza ni uchungu. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema. Hakujua kingekuwa kimelala naye tumbo moja.

Kaka alifungua mlango, kucha zake zina rangi nyeupe.

"Umerudi?"

"Nilikukosea nini, kaka?"

"Aliyeniponya, yule wa shimoni, alisema ni mimi au wewe," akanong'ona. "Nilichoka kuumwa, Kitinda. Nisa..."

Macho yake yalimhama dada yake, yakaenda garini.

"Huyo uliyempakia... umemtoa wapi?"

Kitinda hakuwa amempakia mtu.

Mlango wa nyumba ukabamizwa. Komeo likasukumwa kwa ndani.

"Kaka, nifungulie!"

Nyuma yake, mlango wa gari ukafunguka taratibu.

"Kaka!"

Alimsikia kaka yake akipumua palepale nyuma ya ubao wa mlango. Hakufungua.