Kioo Kilicholowa

Mimi ni mfagizi katika jengo la wataalamu wa nyota. Tangu mume wangu aumie mgongo, mshahara wangu ndio unaotulisha. Alfajiri napika, namgeuza mgonjwa, nafua. Nikifika kazini nimeshachoka, na kazi yenyewe haijaanza.

Siku ile nilipewa chumba cha makabati. Ndani mna vioo vyembamba, kila kimoja katika bahasha yake. Nikatoa kimoja. Lahaula! Madoa meusi kila mahali. "Wasomi wazima, uchafu huu!" Nikachukua kitambaa cha maji ya sabuni, nikaanza kusugua pembeni. Mara kioo kikateleza chini ya vidole. Utando mwembamba ulikuwa unabanduka. Nikapiga ukelele.

Wifi yangu, tunayefagia naye, akaja mbio.

"Kirudishe kwenye bahasha, ufunge kabati. Vioo vyote hivi, nani atajua?"

"Na wakijua?"

"Wakikufukuza, kaka yangu atakula nini?"

Sitawadanganya, nilitaka kuficha. Lakini uongo nao ni kazi, unaulinda kila siku, na mimi kazi zimenitosha. Nikampelekea mtaalamu, yule mama tunayemwita Bi Darubini.

"Shikamoo, mama. Nimeharibu kioo chako."

Alikitazama kwa macho mekundu ya kukesha.

"Umekirudisha kwenye bahasha?"

"Hapana."

"Afadhali. Kingegandana na karatasi, tungekipoteza chote. Usikifute tena. Kisimamishe hapo, kikauke chenyewe."

"Mama, kwani yale madoa ni nini?"

"Ni picha ya anga ya miaka arobaini iliyopita, imo kwenye huo utando. Humu mwanga huacha weusi, ndiyo maana nyota hutoka nyeusi. Hili doa la katikati, kiasi cha punje ya choroko, ni nyota inayokufa."

"Nyota inakufa?"

"Kila nyota ina kuni zake. Nyota kama jua letu, kuni zikiisha, huvimba, kisha huachia gesi yake ya nje. Katikati hubaki kiini kidogo chenye moto mkali, nacho huiangaza ile gesi. Hiyo ndiyo nebula ya sayari. Sayari haihusiki, ni jina tu. Watu wa kwanza kuitazama kwa darubini waliona kiduara, wakadhani kinafanana na sayari."

"Na jua letu je?"

"Litafika huko, baada ya miaka mabilioni. Usiache kufua."

"Sasa mnajuaje, na hakuna aliyefika huko?"

"Kwa mwanga wake. Tunautenganisha rangi kwa rangi. Oksijeni ina kijani chake, hidrojeni ina wekundu wake. Halafu tunalinganisha picha mpya na ya zamani, tuone gesi imetanuka kiasi gani. Picha ya jana naweza kuipiga tena leo. Ya miaka arobaini iliyopita nitaipiga vipi?"

Nikalia. Hakunibembeleza.

Kesho yake kioo kilikuwa kimekauka. Pembeni kumeharibika, katikati ni salama. Alikilinganisha na picha mpya hadi mchana, kisha akanipa lenzi nitazame. Ukingo wa nebula umesogea kama upana wa unywele tu.

"Kwa mwendo huo, gesi ilianza kutoka kama miaka elfu mbili iliyopita," akasema.

"Na kazi yangu, mama?"

"Ipo. Ila vumbi huondolewa kwa brashi laini, kavu, upande wa kioo tu. Upande wenye utando hauguswi na mtu. Kikilowa, usikifiche. Wafundishe wenzako."

Nilianza na wifi. Nikamwonyesha brashi, nikamwonyesha upande wa utando. Yeye aliyezoea kunikatiza kila neno, leo macho yake yalikuwa kwenye makabati.

"Wifi, vipi? Umechoka?"

"Mwaka jana nililowesha viwili," akasema. "Nikavirudisha."

"Kabati gani?"

Akanyoosha kidole. Nikaweka brashi chini, nikamshika mkono.

"Twende tukaseme," nikamwambia. "Nitaingia nawe."