Kiti cha Mkuu wa Idara

Jalada la kwanza lilirudi saa nne asubuhi, limesainiwa, wino bado mbichi. Tatizo ni kwamba chumba lilikotoka hakikuwa na mtu.

Waraka ulikuwa umeshuka kutoka juu: vitengo vinne vya idara vikabidhi mihuri yao, na tangu Jumatatu kila uamuzi utolewe na Mkuu wa Idara peke yake. Mkuu mwenyewe hakuwa ameteuliwa. Mtu mwenye akili zake angesubiri. Lakini mkuu wa kitengo cha utumishi, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Faili, alikuwa mtumwa wa waraka. Alibeba mihuri yote minne pamoja na majalada, akaviweka juu ya meza ya chumba kile kitupu, akafunga mlango.

"Nani kasaini?" alimnong'oneza mpiga chapa wake, mwanamke msemaji waliyembandika jina la Chiriku.

"Mkuu."

"Mkuu yupi?"

"Dada yangu, kazi si zinatoka? Unataka nini tena?"

Kazi zilitoka kweli. Nyuma ya mlango muhuri uligonga, ko, ko, ko, na harufu ya nywele zilizoungua ikatambaa ukumbini. Mama Faili alipochungulia aliona kiti kipya hakijavuliwa nailoni, ila nailoni yenyewe imebonyea katikati, kama inavyobonyea chini ya mtu mzito. Aliogopa mno. Akafanya wanachofanya watu wa ofisi wakiogopa: akafuata utaratibu.

Jumatano likaja agizo: "Leta majalada ya watumishi wote, yenye majina ya wategemezi." Alipeleka yote, na lake likiwemo. Jioni lake likarudi. Kando ya jina la binti yake, kitindamimba wa miaka tisa, palikuwa pamegongwa muhuri: UHAMISHO UMEIDHINISHWA.

Alikimbia nyumbani, na kabla hajaufikia mlango akaisikia ko, ko, ko ileile, akaingia, akamkuta mtoto ameketi mezani wima, macho ukutani, ngumi yake ndogo ikipanda na kushuka juu ya ubao, vifundo vimechubuka vinavuja damu, na nywele zake, alizomsuka mwenyewe Jumapili, zikinuka moto ambao haukuwako popote mle ndani.

"Mwanangu, acha!"

"Nina kazi, mama," mtoto alijibu kwa sauti ya mtu mzima. "Usinicheleweshe."

Mganga aliyeitwa asubuhi hakumaliza hata dakika kumi. "Huyu hakuvamia," alisema kwa sauti ya chini, akifunga mkoba wake. "Mmempa kiti, mmempa mihuri, mmempa na majina. Mimi nafukuza wezi, mama. Mwenye nyumba simwezi. Kamwombe mwenyewe."

Akaomba kwa njia pekee aliyoijua, kwa barua. Jibu halikukawia: "Nafasi haiwezi kubaki wazi. Pendekeza mbadala."

Mama Faili alijifungia chooni akalia, akanawa uso, akarudi mezani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye aliujua wa mwanawe tu.

Barua za siri hutaja namba, si majina, na namba ya nani ni ipi alijua Mama Faili peke yake. Alisimama nyuma ya Chiriku akamsomea, naye akapiga chapa: jalada namba mia moja na kumi na nne, mtegemezi wa pili.

"Maskini! Mtoto wa nani huyu?"

"Piga tu, mdogo wangu."

Saa sita simu ya Mama Faili ililia. Alikuwa mumewe: mtoto ameacha kugonga, anaomba chai, analalamika mkono unamuuma. Mama Faili aliangukia kiti, akacheka na kulia kwa pamoja.

Chiriku alimkumbatia kwa nguvu. "Mungu mkubwa! Nimemwombea tangu jana, dada. Ngoja niwaambie na wanangu, maana huyu wangu wa pili hakulala kwa kumwazia mwenzake."

Akapiga nyumbani kwake. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.