Risasi Kwenye Sufuria ya Uji

Kila asubuhi, nyumbani kwao Jomvu Kuu, Mwanarusi alimkorogea mdogo wake Faki uji, kisha akampondea ndani yake kidonge cha vitamini. Faki alikuwa na miaka mitatu. Zamani alikuwa na maneno mtoto huyo, mpaka majirani wakamwita Redio! Sasa hata "Da Rusi" lilimshinda, na juzi alianguka akatetemeka mpaka povu likamtoka.

"Hivi vinalinda ubongo," muuza dawa alimwambia mama yao, Mwanatabu. Mwanarusi aliviamini vidonge hivyo kwa roho yake yote, maana alikuwa na siri. Kopo la kuyeyushia betri za kutengenezea chubwi, zile za kuzamishia mishipi ya baba mvuvi, lilikuwa limetoboka mkononi mwake. Kwa kuogopa kugombezwa, akawa anayeyusha vipande vya betri kuukuu kwenye sufuria ya uji, kisha anaisugua kwa mchanga. Faki alipozidi kudhoofika, alizidisha vidonge. Viwili. Vitatu. Ewe Mola, vifanye kazi!

Wapi! Faki akaanguka tena, wakamkimbiza hospitali. Siku ya majibu ya vipimo, daktari, Bi Selpher, alisema, "Damu ya mtoto ina risasi."

Mama akaruka. "Risasi! Wallahi mwanangu hajapigwa na mtu! Tangu lini Jomvu kuna bunduki?"

"Si ya bunduki, mama. Ni madini yale mazito ambayo wavuvi hutengenezea chubwi. Yanaharibu ubongo."

Mwanarusi akaikumbuka sufuria. Akisema, baba atamla mbichi. Asiposema, Faki atarudi kwenye sufuria ile ile. Akaangua kilio. "Mama, ni mimi! Nayeyushia kwenye sufuria ya uji! Lakini vidonge nilimpa, daktari, nilimpa vingi!"

"Vitamini husaidia mwili, mwanangu, lakini haiwezi kushindana na risasi inayoingia kila asubuhi. Utapigaje deki na bomba liko wazi? Leo umelifunga. Sasa dawa ya kuitoa risasi mwilini itafanya kazi."

Baba aliacha betri, akafunga mawe kwenye mishipi yake. Miezi ikapita. Asubuhi moja Faki alinyoosha bakuli. "Da Usi, uji!"

Mwanarusi akalia. Mama akammiminia Faki uji kutoka sufuria mpya, akasema polepole, "Kopo likitoboka, mwanangu, niambie nikugombeze. Ugomvi wangu ungeisha kabla ya adhuhuri. Ukimya wako ulitaka kunimalizia mtoto."